Rufaa ya Taa ya Breki

Nianze kwa kukiri jambo ambalo sikulikiri mbele ya kamati: ile taa niliisahau mle ndani. Sikubuni kitu. Nilisahau. Watu wakaniita mbunifu, ofisi ya mkoa ikaniandikia barua yenye muhuri, mtu mzima na ndevu zake akanipinga mpaka tukafikishana kwenye rufaa, na chanzo cha yote hayo ni kwamba siku ile akili yangu ilikuwa jikoni, kwenye dagaa waliokuwa wanaungua.

Wakati huo nilikuwa fundi redio pale Kilosa. Fundi mwanamke, naam, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, tuendelee. Ufundi wenyewe niliupatia kwenye karakana ya shamba la mkonge. Baba yangu alikuwa Mngoni, alitoka Songea kijana kuja kukata mkonge, akazeekea hapo hapo. Aliniombea kazi ya kufagia karakana. Nilifagia miezi miwili. Mwezi wa tatu nilikuwa nasuka transfoma, na ufagio walipewa wengine.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu aingize na auze atakacho. Wenye umri wangu wanajua nasema nini. Shamba likapunguza watu, nami nikapunguzwa, nikapewa barua ya kunishukuru. Lakini ruksa hiyo hiyo iliyonitoa kazini ikaniletea kazi mlangoni. Televisheni, ambazo huku bara tulikuwa tunazisikia kwa watu waliofika Unguja, zikaanza kuingia kwa malori, zilizotumika huko zilikotoka, pamoja na deki na mikanda ya karate na ya Kihindi. Kila mwenye mgahawa akataka kioo. Na kila kioo, ndani ya mwezi mmoja, kilikuja kwangu.

Tatizo lilikuwa umeme. Alasiri mashine za kusaga zikianza kunguruma, umeme unashuka, na umeme ukishuka picha inasinyaa. Pembeni panabaki weusi mtupu, katikati kuna kipicha kama leso. Jitu la karate lililoanza mkanda likiwa na miraba minne linaumaliza likiwa limelingana na mtoto wa darasa la pili. Watazamaji wanazomea. Sisi mafundi wote, kuanzia Dumila mpaka Mikumi, dawa yetu ilikuwa moja: unasuka transfoma ya kupandisha umeme, unaifunga ndani, picha inajaa kioo. Safi kabisa. Ila mashine za kusaga zikizimwa kwa pamoja, umeme unaruka juu ghafla, na ile transfoma yako nayo inazidi kuupandisha. Hapo utaona moshi.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stesheni ya Kilosa. Aliniletea televisheni yake, nikaifungia transfoma kama kawaida. Kabla ya kuiwasha nikaunga taa ya majaribio. Kila fundi anaijua hiyo: unaupitisha umeme kwenye taa kwanza, ili kama kuna waya umegusana, iwake taa badala ya kuungua mtambo. Ukimaliza kujaribu, unaitoa. Wengine walitumia balbu za nyumbani. Mimi nilitumia taa za breki za malori, kwa sababu madereva walizitupa ovyo pale Mikumi barabarani. Taa hizo ndani zina nyuzi mbili, mmoja wa breki na mwingine wa taa ndogo ya nyuma. Uzi mmoja ukikatika, dereva anatupa taa nzima. Mimi naokota, natumia uzi uliobaki.

Basi nikajaribu, picha ikaja, na hapo hapo harufu ya dagaa ikanifikia. Nikakimbilia jikoni. Niliporudi nilikuwa na hasira na dagaa, nikafunga kifuniko, nikakaza skrubu, nikampa mama wa watu televisheni yake. Taa ikabaki mle ndani.

Wiki iliyofuata umeme uliruka vibaya sana. Televisheni zilizofungwa transfoma mjini ziliungua karibu zote, na nyingi ya hizo nilizifunga mimi. Nilijifungia ndani nikingoja watu waje kunitukana. Wa kwanza kugonga alikuwa yule mama wa mgahawa, na mkononi ana sahani ya pilau imefunikwa kitambaa.

"Fundi," akasema, "mle ndani umeweka nini? Umeme ulipopanda niliona kwenye matundu kunawaka taa, nikasema basi tena, inaungua. Kumbe picha imetulia tuli!"

Nikakohoa. "Ni mtambo wangu mpya," nikamwambia, na wala ulimi haukunisuta.

Alipoondoka nilikwenda mgahawani kwa kisingizio cha kuukagua mtambo wangu mpya. Nikafungua kifuniko, nikaikuta taa yangu imening'inia. Nikakaa chini kabisa, sakafuni. Nilielewa palepale. Umeme ukiwa chini, taa haili chochote, inauachia wote upite kwenda kwenye kioo. Umeme ukizidi, taa inawaka, inakula ile ziada, kioo kinapata kile kile cha siku zote. Nilikuwa nayo mkononi miaka saba hiyo taa, na kila siku nilikuwa naitoa!

Sasa nimlete mtani wangu. Jina simtaji, naye angekuwepo angenitaja langu kwa kusudi. Alikuwa Mhehe, fundi mwenye kibanda pale Mikumi kando ya barabara kuu, mkubwa kwangu kwa miaka minane, mwenye koti la kijivu la mtumba alilolivaa hata jua likichemsha ubongo. Alidai lilikuwa la nahodha wa meli Ulaya. Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu. Walipigana mpaka wakachoka, wakabakiza kutaniana. Wao wanatusema kwa kula panya, sisi tunawasema kwa kula mbwa, na mengine siyaandiki kwa sababu wajukuu zangu wanasoma. Mtani hakasirikiwi. Mtani akichukua kitu chako anacheka, nawe unacheka, ukishindwa kucheka unanuna kimya kimya. Mtani hashtakiwi.

Kwa umri wake nilipaswa kumpa shikamoo kila nikimwona, maana huku kwetu shikamoo si mchezo. Lakini kati yetu ilikuwa marufuku. Mimi nilimwita "mtumwa wangu", naye aliniita "mtumwa wangu", na kila mmoja alikuwa na ushahidi wa babu yake kumteka babu wa mwenzake.

Msimwone ni mtu wa mzaha tu. Baba yangu alipofariki, nilikaa tangu asubuhi sina chozi, kifua kimejaa mawe. Jeneza lilipotoka nje tukamkuta mtani amelala katikati ya njia, kavaa kofia ya baba, anapiga kelele: "Mngoni huyu haendi popote! Ni mtumwa wangu, hajanimalizia kulima!" Watu wakacheka, nami nikacheka, na katikati ya kile kicheko machozi yakafunguka. Nililia nikapona. Hilo sijalisahau.

Nilipoanza kufunga taa zangu kwa makusudi, nilimwonyesha yeye wa kwanza. Akachungulia ndani ya televisheni, akatoa kichwa, akaita barabara nzima. "Jamani, njooni! Mtumwa wangu kafunga breki kwenye televisheni! Kwani televisheni inakwenda wapi? Inateremka Kitonga?"

Wee! Madereva wa malori walicheka wakashika mbavu. Mlima wa Kitonga walikuwa wanaujua vizuri, na breki zilizowafia kule walikuwa wanazijua zaidi. Kuanzia siku hiyo mtambo wangu ukaitwa breki. Alinicheka miezi mitatu. Kila gari la kutoka Mikumi lilileta salamu zake: mwulizeni kama redio anaifunga honi. Mwezi wa nne salamu zikakoma. Nikaona ajabu. Mwezi wa tano nikasikia kwamba Mikumi, na mpaka Lumuma ndani kule kwenye vitunguu, kuna televisheni zenye mtambo wa kuzuia umeme kuruka, na anayezifunga ni yule yule wa kucheka.

Sikukasirika. Nilisema, ni mtani, kachukua. Nikamtumia salamu kwamba babu yake naye alikuwa mwizi wa kuku.

Mambo yaliharibika ilipokuja barua ya nyumba. Shamba la mkonge lilikuwa limepata mwenyewe mpya, na nyumba ya shamba niliyokuwa naishi na mama yangu ikatakiwa irudishwe. Tulipewa miezi sita. Mama magoti yake yalikuwa mabovu, hakuwa na kwao pengine, na Songea alikuwa hajaiona tangu aolewe. Wakati huo huo nikasikia ofisi ya mkoa ina vyumba inavyovigawa kwa watu wenye cheti cha ubunifu. Kimoja kiko Mikumi, kwenye lililokuwa duka la ushirika: chumba cha mbele cha kazi, cha nyuma cha kulala, umeme umo. Nikapiga picha kichwani mama yangu amekaa kwenye mlango wa nyuma anachambua mchele. Nikaandika ombi la cheti usiku mmoja, kwa Kiswahili cha shuleni, na mchoro juu.

Utaratibu wao ulikuwa kubandika ombi ubaoni ili mwenye pingamizi alete. Pingamizi likaja moja tu, kutoka Mikumi. Na jibu la ofisi likaja baada yake: ombi limekataliwa, kwa kuwa kuunganisha taa na transfoma ni jambo la wazi kwa fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida.

Ujuzi wa kawaida! Niliisoma ile barua mara tatu. Mara ya nne niliisoma kwa sauti, mama akaniuliza nani kafa. Kuchukua mtambo wangu, sawa, mtani. Lakini kuniziba mlango mama yangu asipate pa kulala, na kisha kuniambia akili yangu haikuwa akili? Mori ulinipanda, masikio yakawa ya moto. Nikadandia lori la mbao, nikaenda Mikumi.

Nilimkuta amekaa kibandani na koti lake, anakunywa chai. Aliponiona akaanza, "Mtumwa wangu, breki zimekushika wapi leo..." Nikasimama mbele yake, nikaunganisha mikono, nikapiga magoti kidogo, nikamwambia taratibu:

"Shikamoo, kaka."

Chai haikufika mdomoni. Alinitazama nikaona midomo inatafuta mzaha, haikuupata.

"Marahaba," akasema, na sauti ilikuwa ndogo.

Nikageuka nikaondoka. Nilipomweleza mama, nilidhani atanisifu. Akaweka ungo chini. "Umempa mtani shikamoo?" akasema. "Haya. Na mimi nikifa, nani atalala njiani?"

Nilimjibu kwamba kwanza tutafute pa kuishi, habari ya kufa itajipanga yenyewe. Lakini usingizi sikuupata. Nikakata rufaa.

Kamati ya rufaa ilikaa Kilosa, kwenye ukumbi ule wenye mabati yanayolia jua likipanda. Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa hakimu mstaafu, mzee mkali anayetafuna karanga mfululizo na kudondosha maganda kwenye jalada. Wa pili mwalimu wa fizikia. Wa tatu alikuwa mtu wa ofisi mwenye muhuri, na sikumsikia akisema neno. Watu walijaa mpaka madirishani, Wahehe wa Mikumi upande mmoja, Wangoni wa mkonge upande wa pili. Waliofika walidhani ni ngoma.

Nilipompita mtani mlangoni nikampa shikamoo nyingine. Akaipokea akitazama viatu.

Alipewa nafasi ya kwanza kusema, na sitamnyima haki yake: alisema vizuri. "Waheshimiwa, taa ya majaribio kila fundi anayo. Transfoma ya kupandisha kila fundi anasuka. Huyu kaviweka pamoja. Wali upo, maharage yapo. Hivi kuna mtu anadai kabuni wali maharage?"

Ukumbi ukalipuka. Hata mwalimu wa fizikia alitabasamu, nami nikahisi chumba cha Mikumi kinaniponyoka na mama yangu ndani yake.

Nikasimama. "Kama wali ulikuwepo na maharage yalikuwepo," nikasema, "mwulizeni kwa nini alikula wali mkavu miaka saba."

Sasa upande wangu ndio ukapiga makofi. Mwenyekiti akagonga meza kwa ganda la karanga, halikutoa sauti, akagonga kwa mkono.

Nikaendelea. Nikasema, mheshimiwa, jambo la wazi halichekwi. Mtu akifunga mlango kwa komeo, nani anacheka? Lakini mimi nilipofunga taa hii, huyu aliita barabara nzima ya Mikumi, akauliza kama televisheni inateremka Kitonga. Alicheka miezi mitatu. Yeye ni fundi, mwenye huo ujuzi wa kawaida. Kama aliliona wazi, alikuwa anacheka nini?

Nilijua nimempata. Mwalimu wa fizikia alishaanza kuandika. Lakini mtani akainuka, akasema, bila kunitazama: "Mheshimiwa, ule ulikuwa utani. Yeye Mngoni, mimi Mhehe."

Kalamu ya mwalimu ikasimama. Mwenyekiti akaacha kutafuna. "Maneno ya utani siyaandiki," akasema. "Mtu akihukumiwa kwa maneno ya utani mahakamani, nchi hii itajaa wafungwa. Una jingine?"

Sikuwa na jingine. Nilikuwa nimeiweka hoja yangu yote kwenye kicheko chake. Nikasema tu, basi tufungue mitambo yenyewe, wangu na wake, kamati itazame. Nilisema ili nisikae chini.

Mitambo tuliyoileta kama ushahidi ikawekwa mezani, na boksi la taa za mtani kando yake. Mwalimu wa fizikia akavaa miwani, akaitoa taa yangu, akaiinua dirishani. "Hii ina uzi mmoja mzima, mwingine umekatika."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Niliiokota."

Akaitoa ya mtani. Akaiinua. Akaishusha, akaifuta kwa leso, akaiinua tena. "Hii nayo uzi mmoja umekatika. Lakini hii taa ni mpya. Hata maandishi ya kiwandani hayajafutika." Akaichukua nyingine kwenye boksi la mtani, na nyingine. Zote mpya, zote zina uzi mmoja uliokatika. "Fundi, hizi ulizinunua zikiwa mbovu?"

"Hapana," akasema mtani. "Nazikata mwenyewe. Naunguza uzi mmoja kwa betri kabla ya kufunga."

"Kwa nini?"

Mtani akajiweka sawa koti lake. Hapo alikuwa fundi anayefundisha wenzake. "Mwalimu," akasema, "hiyo ndiyo siri yake."

Nilikuwa wa kwanza kuelewa. Kicheko kilinianzia tumboni nikakibana kwa mikono miwili. Maskini ya Mungu! Alifungua mtambo wangu, akaona uzi umekatika, akaamini Mngoni kakata kwa maarifa. Miezi yote hiyo alikuwa ananunua taa nzima dukani na kuziua nusu nusu, moja moja, kwa uangalifu mkubwa. Nami nilikuwa naokota takataka!

Mwenyekiti alisogeza karanga pembeni. "Siri," akasema polepole. "Umesema siri?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Lakini kwenye pingamizi lako hapa umeandika jambo ni la wazi."

Mwanamke mmoja dirishani, Mhehe mwenzake mtani, akasema "Loo!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko ambacho sijakisikia tena popote. Mtu wa muhuri alicheka akaudondosha muhuri.

Mwenyekiti hakucheka. Alingoja, kisha akasema kwamba mtu aliyeleta pingamizi la uongo ofisini hashindwi tu, anaandikwa, na akishaandikwa kuwa kaiba kazi ya mwenzake, ofisi ile haimpi tena leseni ya ufundi. Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyeibiwa. Alichukua kwako?"

"Alichukua, mheshimiwa."

"Basi niandike aliiba."

Nikamtazama mtani. Alikuwa amesimama na koti lile la nahodha, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana mvi. Nilikuwa nimengoja siku hiyo tangu barua ile. Ningeweza kunyamaza tu, na kalamu ingeandika. Nikaikumbuka kofia ya baba.

"Usiandike aliiba," nikasema. "Andika alichukua. Mtani haibi."

Mwenyekiti akanikazia macho. "Wewe mama, mimi nimekusikia kwa masikio yangu pale mlangoni unampa shikamoo. Mtani gani anapewa shikamoo?"

"Naiondoa shikamoo yangu, mheshimiwa," nikasema. "Zote mbili. Iandikwe kwamba nimeziondoa."

Sijui kama iliandikwa. Ninachojua ni kwamba mtani aliinua kichwa, akavuta pumzi, na sauti yake ya zamani ikarudi: "Mheshimiwa, mtumwa wangu anasema kweli. Nilichukua. Lakini iandikwe pia kwamba sisi ndio tuliowafundisha kuvaa viatu."

Rufaa nilishinda. Cheti kikatoka, chumba kikatoka, nikahamia Mikumi na mama yangu na ungo wake. Cheti nikakitundika kwenye msumari juu ya meza, mahali ambapo kila anayeingia atakiona kabla hajaniona mimi.

Asubuhi ya pili nilisikia kitu kinakwaruza mlangoni. Mtani alikuwa anaingiza meza yake. "Mtumwa wangu, sogea," akasema.

Nikamwambia atoke, hiki ni chumba changu, nina cheti cha serikali. Akasema, "Nishtaki." Akaweka meza, akavua koti, akatafuta pa kulitundika, akaona msumari mmoja tu. Akalitundika juu ya cheti changu. Nililitoa. Akalirudisha. Tuligombana kuhusu koti lile kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na wateja wengi hawakuwahi kujua kwamba mle ndani mna mbunifu. Taa za kuokota ziliadimika baadaye, tukawa tunanunua mpya, na kila nikifunga moja alinikumbusha nikate uzi, asije akaumbuka peke yake.

Mama alipofariki, alilala njiani. Alivaa kanga ya mama na kubeba ungo wake, akakataa kupisha jeneza mpaka aonyeshwe mchele uliobaki. Magoti yake mwenyewe yalikuwa mabovu wakati huo, ikabidi tumwinue watu watatu.

Halafu ikafika zamu yake. Aliugua muda mfupi tu. Sitasema mengi juu ya siku ile, maana niliumia kuliko nilivyotegemea, na bado naumia. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mtani, kazi ilikuwa yangu. Jeneza lilipotoka nilisimama katikati ya njia, nimeshika betri ya pikipiki kwapani na taa ya breki mkononi. "Mtumwa wangu," nikamwambia kwa sauti, "kaburini unateremka, na breki huna!" Nikaiwasha. Mkewe alikuwa hajalia tangu jana yake. Alicheka mpaka akashikwa, kisha akalia, na mimi nikalia naye tukiwa tumeshikana.

Baada ya siku za matanga, wanawe walikuja chumbani kuchukua vitu vya baba yao. Wakabeba meza, koleo, redio mbovu tatu, na boksi la taa alizokuwa amezikata nyuzi na hakupata kuzifunga. Mkubwa wao akasogea ukutani, akanyoosha mkono kwenye koti.

"Hilo acha," nikamwambia. "Hilo nalichukua mimi."

Akanitazama, akamtazama mama yake mlangoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wakatoka, koti likabaki juu ya cheti changu, na lipo mpaka leo. Jambo lilikuwa la wazi.